Kabla ya Firimbi ya Kwanza
Aghalabu sisi mashabiki, tunapofurika Uwanja wa Benjamin Mkapa kushangilia usajili mpya katika matamasha ya vilabu kabla ya msimu, yaani Simba Day au kilele cha Wiki ya Mwananchi, hatumkumbuki yule mchezaji ambaye kwa majuma kadhaa ameiacha aila yake akaingia kambini, akaamshwa alfajiri, akapimwa uzani mbele ya wenziwe, na akakimbizwa pasi na mpira miguuni hadi fulana ikamganda mgongoni. Wala si nadra taabu yote hiyo isimpatie nafasi, kwani aliyesajiliwa juzi kutoka ng'ambo kwa dau kubwa huenda akamtangulia kikosini kwa sababu ya bei yake tu. (Mgeni huyo naye ana mashaka yake: chakula asichokizoea, na lugha asiyoielewa.) Kwa nadhari yangu, dhiki iliyo kubwa kwa yule aliyetanguliwa si mbio bali ni kungoja nafasi, ilhali mkataba umebakiza mwaka mmoja, goti linauma naye analificha kwa daktari, na simu ya nyumbani inauliza habari za ada ya shule. Basi enyi viongozi wa vilabu, kabla hamjazindua jezi mpya kwa vifijo, mlipeni mchezaji anachowadai cha msimu uliopita.