Mchezaji wa jioni naye amelipa ada

Kuna ubishi ambao umedumu zaidi ya miaka 20 miongoni mwa wapenzi wa michezo ya kompyuta inayochezwa na umati kupitia intaneti. Kila unapodhaniwa umezimika, huibuka upya kama moto wa makumbi. Je, mchezo ulegezwe ili hata anayeucheza saa mbili kwa juma apate kuufikia mwisho wake, au ubaki mgumu ili waliojitolea mhanga watambulikane? Mimi ni wa upande wa huyu wa saa mbili, na sioni haya kusema hivyo.

Tutazame World of Warcraft, mchezo uliotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mnamo Novemba 2004. Kulipiga jitu la moto liitwalo Ragnaros kulihitaji kikosi cha watu 40. Si 40 waliokutana njiani, bali 40 walioafikiana siku na saa, kila mmoja na wajibu wake: huyu apokee mapigo, yule aponye majeruhi, wengine washambulie. Wakakaa hivyo kwa saa kadhaa, usiku baada ya usiku. Juni 2006 ikafunguliwa ngome ya Naxxramas, iliyokuwa ngumu kupita kiasi, na hadi mchezo ulipopanuliwa Januari 2007 ni wachache mno waliokuwa wameimaliza. Wengine wote, waliokuwa wakilipa ada ile ile ya karibu dola 15 kwa mwezi, waliisikia kama hekaya. Mwaka wa 2008 Blizzard wenyewe waliirudisha ngome hiyo ikiwa imelegezwa, iingiwe na watu 10 au 25.

Magwiji walifoka. Walidai kwamba tuzo isiyotolewa jasho haina thamani. Hapo wana haki. Ushindi wa bure hauna ladha. Lakini hoja yao huficha jambo moja, nalo ni kwamba ugumu na muda si kitu kimoja. Muuguzi anayetoka zamu jioni, akapika, akawalaza wanawe, huenda ana vidole vyepesi na akili kali kuliko kijana asiye na shughuli. Kinachomzuia mlangoni ni saa ya ukutani. Na mchezaji wa Nairobi anayejiunga na wenzake wa Ulaya ana balaa la ziada: miadi ya saa mbili usiku kwa saa za Paris humwangukia saa nne usiku katika miezi ya baridi ya huko. Wakimaliza ni saa saba, na kazi inamngoja alfajiri.

Ushahidi ulijileta wenyewe. Agosti 2019 Blizzard walifufua mchezo ule wa kale kwa jina la World of Warcraft Classic, pamoja na kikosi chake cha watu 40. Ragnaros, ambaye awali alichukua miezi kadhaa kuangushwa, safari hii alianguka kabla wiki haijatimia. Ujuzi ulikuwa umeenea, ni kweli. Hata hivyo, waliomwangusha ni wale walioweza kukesha siku zote hizo mfululizo.

Isidhaniwe kuwa nataka kila kitu kitafunwe na kutemwa kinywani mwa mchezaji. Desemba 2010 watengenezaji walitoa sehemu mpya, Cataclysm, wakayafanya magumu mapango ya watu watano, ilhali tangu Desemba 2009 kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiwakusanya wageni wasiojuana kuyaingia. Matokeo yake yakawa matusi na kutoroka. Mmoja wa wabunifu wakuu, Greg Street, aliandika makala Januari 2011 kuutetea ugumu huo. Wateja waliokuwa milioni 12 Oktoba 2010 walipungua hadi milioni 10.2 hivi kufikia mwisho wa 2011. Sidai ugumu peke yake ndio uliowafukuza, kwani mchezo wenyewe ulikuwa umekomaa. Ila wenye mali walishtuka, na Novemba 2011 wakaleta mtambo wa kuwakutanisha wageni 25 katika vita virahisi dhidi ya majitu makuu.

Mlango ukafunguka, na nawapongeza. Lakini ni mlango gani huu? Watu 25 huingia bila salamu. Anayekosea hupigiwa kura atolewe. Hakuna amfunzaye mwenzake. Hapa nawakumbuka wachezaji wa bao wa pwani yetu. Wao pia wana daraja lao la chini, bao la kujifunza, ambapo kete 64 hutandazwa mbili mbili katika mashimo yote 32 na mchezo ukaanza papo hapo, bila ile sehemu ngumu ya kunamua. Wengine huliita bao la wajinga, kwa utani. Hakuna fundi anayedai kwamba bao hilo limemvunjia heshima. Tena limbukeni huchezea baraza moja na fundi, akamtazama mikono, akakaripiwa, akajua.

Tangu mwishoni mwa 2014 World of Warcraft una madaraja manne ya vita hivyo, na la juu kabisa huhitaji watu 20 kamili. Magwiji waachiwe daraja hilo, pamoja na farasi wao wa ajabu na vyeo vyao. Sina kijicho nao. Ninachotaka kwa watengenezaji ni kwamba daraja la juu lipime ustadi bila kuhesabu mikesha: mtu aruhusiwe kusimama katikati ya pambano na kuliendeleza kesho yake, na kikosi kisivunjike kwa sababu mmoja ana mtoto anayelia. Nao magwiji, badala ya kumpigia kura mgeni aliyekosea, wampe dakika mbili za maelezo. Wanazo nyingi kuliko yeye.