Dai la Bima Huandaliwa Nyumba Ikiwa Nzima

Mvua za masika ya mwaka 2017 zilibomoa nyumba na kukata barabara hapa Pemba. Yanapotokea maafa ya namna hiyo, sheha hupita kuandika waliopatwa, majirani huchangishana, na Serikali husaidia kwa kadiri ya uwezo wake. Yote hayo ni mambo mema, lakini ni ihsani, na ihsani hailazimishwi. Fidia ya bima ni haki yenye mkataba nyuma yake. Kwa nini basi wenye nyumba wengi tuendelee kutegemea ihsani peke yake?

Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imemwekea mwananchi ngao ambazo wengi hatuzijui. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inazisimamia kampuni hizi Bara na Visiwani. Kampuni ikishapokea nyaraka zote zinazotakiwa, inapaswa kulipa dai ndani ya siku 45. Asiyeridhika anaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufikiria mahakama na gharama zake.

Hata hivyo, sheria haikufanya kila kitu. Mwaka 2022 Bunge la Muungano liliongeza vitu vinavyolazimika kukatiwa bima, yakiwamo masoko ya umma na majengo ya biashara. Nyumba ya kuishi halikuilazimisha. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba ameachiwa hiari, na hiari inataka mtu anayejua anachokitia saini.

Wapo wanaojitenga na bima kwa kuchelea riba na mashaka ya mkataba. Hofu hiyo ni ya haki, na imepatiwa jibu. Mwaka huohuo wa 2022 Mamlaka ilitoa mwongozo wa takafuli, ambapo washiriki huchangia mfuko mmoja ili kusaidiana. Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, sasa nalo lina huduma hiyo. Waulizeni masheikh, kisha waulizeni wahusika wenyewe.

Sasa tuangalie madai yanakokwama. Kwanza ni masharti. Bima ya moto haimaanishi bima ya mafuriko. Mara nyingi mafuriko na dhoruba huongezwa kwa ada yake. Nyumba ya udongo na makuti hupangiwa masharti tofauti na ya matofali na bati, na anayeficha jiko la kuni au duka lililomo ndani ya nyumba anajiharibia dai lake mwenyewe.

Pili ni thamani. Nyumba ya shilingi milioni 40 ikikatiwa bima ya milioni 20 ili kupunguza ada, kisha ikapata hasara ya milioni 10, kwa kawaida fidia itakuwa milioni 5 tu. Kampuni huhesabu kwamba nusu nyingine umeibeba mwenyewe.

Tatu ni karatasi. Nyumba ngapi kutoka Mkoani hadi Micheweni zimesimama juu ya urithi usiogawanywa, au kiwanja kilichonunuliwa kwa maneno ya mdomo? Anayedai ataulizwa ana haki gani katika nyumba hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na hawakukosea.

Ndugu zangu wa Wete, Chake Chake na kwengineko, fanyeni haya kabla ya masika. Gaweni mirathi na muandikishe ardhi. Pigeni picha nyumba na vilivyomo, na wekeni risiti nje ya nyumba hiyo. Someni mkataba wote, au msomewe na mnayemwamini. Maafa yakitokea, toeni taarifa mara moja kwa kampuni, kwa sheha, na kwa Polisi au Zimamoto, wala msifukie athari kabla ya mkaguzi kufika.

Nasi tunaiomba Mamlaka na kampuni za bima ziandike mikataba kwa Kiswahili chepesi na zifike shehiani kuieleza. Haki isiyoeleweka haidaiwi, na isiyodaiwa hailipwi.