Mwenye lori moja ndiye anayehitaji bima kubwa

Miongoni mwa wamiliki wa malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo kuna imani iliyoota mizizi: kwamba bima kubwa ni ya makampuni yenye magari mia, na kwamba mwenye lori moja au mawili inamtosha bima ya mtu wa tatu, ile ya kumridhisha trafiki. Mambo ni kinyume chake. Kampuni yenye malori mia ikipoteza moja pale mlima Kitonga, tisini na tisa yaliyobaki yataendelea kuingiza fedha na kuziba pengo. Mwenye lori moja akilipoteza, amepoteza mtaji na kazi kwa mpigo. Kama alilinunua kwa mkopo, marejesho ya benki hayatasubiri atoke msibani.

Tatizo linaanzia kwenye kutojua bima gani inamlinda nani. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria kwa sababu inawalinda wengine: aliyegongwa, familia ya marehemu, mwenye gari au nyumba iliyoharibiwa. Lori lenyewe halimo; hilo hulindwa na bima kubwa. Ukivuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia unatakiwa kuwa na Kadi ya Njano ya COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), mpango ambao Tanzania imebaki nao ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Kadi hiyo nayo ni kwa ajili ya watu wa tatu katika nchi unayoingia, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Lori likipinduka kabla ya mpaka wa Kongo pale Kasumbalesa, haitakunyanyulia hata tairi. Kichwa na tela vina namba tofauti za usajili, na kila kimoja kinahitaji bima yake. Hata bima kubwa haigusi mzigo, ambao una bima yake peke yake. Anayerudi na tani 30 za shaba amebeba mali inayozidi mbali thamani ya lori lake, na ikipotea mikononi mwake, mwenye mali atamdai yeye.

Wengi watasema bima kubwa ni ghali, na hawasemi uongo. Ukishatoa dizeli, matairi, posho ya dereva na tozo za njiani, kinachobaki kwenye safari ni kidogo. Lakini njia inayotumiwa kukwepa gharama hiyo huishia kuongeza hasara. Mmiliki hutaja thamani ndogo ili alipe ada ndogo, bila kujua kwamba mikataba mingi hupunguza fidia kwa uwiano uleule. Lori la shilingi milioni 120 likikatiwa bima kwa thamani ya milioni 60, kisha likapata uharibifu wa milioni 20, kampuni italipa milioni 10, na hapo bado haijakata ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unamtwisha mwenye gari. Njia bora zipo: mwenye lori kuukuu anaweza kuchukua bima ya mtu wa tatu inayojumuisha moto na wizi, na wasafirishaji wadogo wakijadiliana na kampuni wakiwa kundi wana nafasi ya kupata masharti nafuu kuliko kila mtu kwenda peke yake.

Wapo pia wanaosema makampuni ya bima hupokea haraka na kulipa kwa kusuasua. Lalamiko hili lina uzito, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) inapaswa kuendelea kuyabana yanayochelewesha fidia bila sababu. Hata hivyo, madai mengine yanakufa kabla ajali haijatokea. Dereva ana leseni isiyo ya daraja la lori, au gari limezidisha uzito uliowekwa na sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, yenye kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, au stika ilinunuliwa kwa mtu wa njiani na haimo kwenye mfumo wa kielektroniki wa TIRA. Mengine hukwama kwa kuchelewa kutoa taarifa. Masharti haya yote yamo kwenye mkataba, ila mara nyingi mkataba wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na mwenye lori amepewa stika tu. Kila kampuni ilazimishwe kumpa mteja mkataba wa Kiswahili kabla hajalipa, kwa maana mtu hawezi kutimiza sharti asilolielewa.

Hadi hilo litimie, mmiliki asiondoke ofisini kwa wakala kabla ya kujibiwa maswali manne: analipwa nani, hadi kiasi gani, katika nchi zipi, na kitu gani kitafuta haki yake. Ada ya bima iingie kwenye hesabu ya kununua lori tangu siku ya kwanza, na iingie kwenye nauli anayomtoza mwenye mzigo. Nauli isiyoweza kubeba bima inampa msafirishaji faida ya kukopa tu, na ajali moja itaidai yote.