Nywila ni Mali ya Ofisi

Mwalimu Mkuu anapohamishwa, makabidhiano ya ofisi hufanyika kwa utaratibu unaojulikana na kila mtumishi. Funguo huhesabiwa, mhuri huonyeshwa, leja ya mali hupitiwa ukurasa kwa ukurasa, na hata madawati yaliyovunjika hutajwa kwa idadi yake. Kisha anayeondoka na anayeingia hutia sahihi mbele ya shahidi. Utaratibu huu ni mzuri, nasi hatuna nia ya kuubeza. Tunachosema katika makala haya ni kwamba siku hizi umepungukiwa na kitu kimoja, na kwamba upungufu huo waweza kuigharimu shule kazi ya miaka mingi. Kitu chenyewe ni nywila, yaani neno la siri linalofungua kompyuta ya ofisi.

Jinsi tulivyofungiwa nje

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha katika chuo kimoja cha ualimu cha ukanda huu. Chuo kilikuwa na seva kuukuu. Seva ni kompyuta isiyokaliwa na mtu. Kazi yake ni kutunza mafaili ya kompyuta nyingine zilizounganishwa nayo, kama ghala la chama cha msingi linavyotunza pamba ya wakulima wengi. Kila mkufunzi alikuwa na chumba chake ndani ya ghala hilo, akikifungua kwa nywila yake. Lakini ghala lina bwana mmoja, aitwaye msimamizi wa mfumo. Huyo ndiye awezaye kuandikisha watumiaji wapya, kufungua vyumba vya waliohama, na kuhamishia mali yote kwenye ghala jipya.

Msimamizi wetu alikuwa fundi kijana, hodari na mpole. Huku kwetu watu wa aina yake hawadumu sana katika kazi za chuo. Mgodi wa Bulyanhulu umo katika Mkoa wa Shinyanga, na ule wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, umo katika mkoa wa jirani ulioundwa mwaka 2012 kwa jina hilo hilo. Makampuni yanayoihudumia migodi huhitaji mafundi wa umeme, wa mitambo na wa kompyuta, na chuo hakina mshahara wa kushindana nayo. Kijana wetu aliaga kwa heshima, akakabidhi, akaenda Geita. Hatumlaumu.

Mwaka mzima ulipita bila mtu yeyote kuona kasoro. Kisha, wiki tatu kabla ya wanachuo kwenda mazoezi ya kufundisha, seva ilianza kutoa mlio wa kukwaruza. Diski yake ilikuwa inachoka. Ndani yake yalikuwamo maandalio ya masomo yaliyokusanywa na wakufunzi kwa zaidi ya miaka kumi: mifano ya maazimio ya kazi, nyimbo za kuhesabia, na picha za kufundishia kusoma darasa la kwanza, zilizochorwa kwa mkono na mkufunzi mmoja aliyekwisha kustaafu. Wanachuo walizitegemea zana hizo. Hapakuwa na nakala mahali pengine, na hapakuwa na mtu aliyeijua nywila ya msimamizi. Nambari ya simu ya kijana wetu haikupatikana tena.

Shauri tatu

Katika kikao cha wakufunzi yalitolewa mashauri matatu. La kwanza lilikuwa kwamba seva ifutwe yote na kazi ianze upya. La pili lilikuwa kwamba aitwe fundi wa mjini, aje jioni, avunje kufuli hiyo kimyakimya, na Mkuu wa Chuo asisumbuliwe. La tatu lilikuwa kwamba mamlaka yarudishwe hadharani, kwa idhini ya maandishi na mbele ya mashahidi.

Shauri la kwanza lilikuwa la watu waliochoka. Kufuta ni rahisi, lakini kunachoma pamoja kufuli na mali. Shauri la pili lilikuwa na hatari kubwa zaidi kuliko lilivyoonekana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila uhalali, na nia njema pekee si idhini. Zaidi ya hayo, mtu aliyefungua ghala gizani hawezi kuthibitisha kesho yake kwamba hakubeba kitu. Tulilichagua shauri la tatu, na hata leo tunaliona kuwa ndilo pekee linalomfaa mwalimu.

Kazi ilivyofanyika

Wapo wanaodhani kwamba nywila iliyosahauliwa imeandikwa mahali fulani ndani ya mashine, na kwamba fundi mzuri huifukua. Sivyo. Mfumo uliotengenezwa vyema hauhifadhi nywila yenyewe. Huisaga kwa hesabu maalumu na kuuhifadhi unga wake. Mtu anapoingiza nywila, kompyuta huisaga tena na kuulinganisha unga huo na ule wa zamani; zikifanana, mlango hufunguka. Unga haurudi kuwa mahindi. Kwa hiyo, kazi ya fundi halali kwa kawaida huwa ni kuuondoa unga wa zamani na kuweka mpya.

Hatua zilikuwa hizi:

(a) Idhini. Mkuu wa Chuo aliandika barua akiwataja watu watatu waliopewa kazi hiyo, na akaeleza ni mafaili gani wanayoruhusiwa kuyafungua.

(b) Nakala. Kabla ya kugusa nywila, diski nzima ilinakiliwa kwenye diski mpya, na nakala hiyo ikafungiwa kabatini. Diski kuukuu yaweza kukata roho wakati wowote, na mkono wa fundi waweza kukosea.

(c) Kubadili. Seva iliwashwa kwa programu nyingine iliyokuwa kwenye sidii, na kwa njia hiyo nywila ya msimamizi ikabadilishwa. Katika seva zinazotumia Linux lengo ni lile lile, ila njia ya kawaida ni kuiwasha mashine katika hali ya mtumiaji mmoja, ambamo nywila mpya huweza kuwekwa.

(d) Kuhama. Mafaili yalihamishiwa kwenye kompyuta mpya. Seva yetu ilikuwa ya Windows Server 2003, ambayo Microsoft iliacha kuipa marekebisho ya usalama tarehe 14 Julai 2015. Kuirudisha mtandaoni kungekuwa sawa na kurudisha mlango uliooza.

Msomaji atauliza: ikiwa kazi yenyewe ni rahisi kiasi hicho, ulinzi uko wapi? Ulinzi wa kwanza ni kitasa cha mlango wa chumba. Aliyeishika mashine mkononi yuko karibu sana kuitawala. Shule inayoweka kompyuta yake katika chumba kisichofungwa isijivunie urefu wa nywila zake.

Tulifanikiwa, lakini si katika yote. Folda ya zile picha za darasa la kwanza ilikataa. Kijana wetu alikuwa ameifunga kwa msimbo, ili mtu asizifute kwa bahati mbaya, na msimbo wa aina ile umefungamana na nywila ya zamani. Nywila ikibadilishwa kwa nguvu, yaliyofungwa hayafunguki. Wanachuo wa mwaka ule walikwenda kwenye mazoezi bila picha zile.

Mwaka uliofuata tulikwenda Mkoa wa Geita kukagua mazoezi ya kufundisha. Stendi ya mabasi tulikutana naye, amevaa buti za kazi. Tulimsimulia. Alisikitika, akaitaja nywila papo hapo, herufi moja baada ya nyingine, kisha akasema: "Mwalimu, mimi nilikabidhi funguo saba na viti kumi na viwili. Nywila hakuna aliyeniuliza."

Kwa kuwa tulikuwa na ile nakala ya diski iliyofanywa kabla ya kubadili chochote, neno lake lilizifungua picha zote. Lakini tulilolikosa lilikuwa limepita. Kosa halikuwa lake, wala halikuwa la mashine. Lilikuwa la fomu isiyo na mstari wa nywila, na la sisi tulioitia sahihi.

Si la kwetu peke yetu

Jambo hili limewahi kuupata hata mji tajiri. Mwezi Julai 2008, mjini San Francisco, Marekani, mhandisi wa mtandao wa serikali ya mji aitwaye Terry Childs alikataa kuwapa wakuu wake nywila za mtandao huo. Alikamatwa, na hatimaye alimkabidhi nywila hizo Meya mwenyewe, Gavin Newsom, akiwa bado mahabusu. Mwaka 2010 mahakama ilimtia hatiani, akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Yeye aliulizwa akakataa, na wetu hakuulizwa kabisa. Hata hivyo chanzo ni kimoja: mali ya umma ilikuwa imekaa katika kichwa cha mtu mmoja.

Mwanachuo ajiandae

Huenda mwanachuo akasema kwamba shule atakayopangiwa haina seva. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, na taarifa za wanafunzi sasa huingizwa katika mifumo ya kompyuta. Taarifa hizo nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo shule yenye vyumba vinne vya madarasa nayo inazo nywila za ofisi. Tunashauri yafuatayo:

(i) Nywila binafsi ya mwalimu ni yake, asimpe mtu. Nywila ya msimamizi ni ya ofisi, kama mhuri ulivyo wa ofisi.

(ii) Nywila ya ofisi iandikwe, itiwe katika bahasha, ifungwe kwa lakiri, na ihifadhiwe kabatini kwa Mwalimu Mkuu. Bahasha ikifunguliwa, tarehe na sababu ziandikwe.

(iii) Kila muhula bahasha ijaribiwe mbele ya shahidi, kisha nywila ibadilishwe na bahasha mpya ifungwe. Ufunguo usiojaribiwa ni chuma tu.

(iv) Fomu ya makabidhiano iongezewe mstari wa nywila, na anayeingia aibadilishe siku ile ile.

Somo bila kompyuta

Wazo la kusaga nywila laweza kufundishwa darasa la tano kwa chaki na ubao. Mwalimu aandike alfabeti na kuipa kila herufi namba: A ni 1, B ni 2, C ni 3, na kuendelea. Mwanafunzi mmoja achague neno kwa siri, ajumlishe namba za herufi zake, na aandike jumla peke yake ubaoni. Tuseme ameandika 35. Wenzake watafute neno. Mmoja atasema "jembe", maana 10, 5, 13, 2 na 5 ni 35. Mwingine atasema "ndege", maana 14, 4, 5, 7 na 5 nayo ni 35. Watabishana, na ubishi huo ndio somo: kutoka neno kwenda jumla ni kazi ya dakika moja, lakini kutoka jumla kurudi kwenye neno hakuna njia ya hakika.

Kisha mwalimu aulize: je, kufuli inayofunguka kwa jembe na kwa ndege ni kufuli nzuri? Wanafunzi watasema hapana, nao watakuwa wamesema kweli. Hapo aeleze kwamba kompyuta hutumia hesabu ngumu mno kuliko kujumlisha, hata maneno mawili kutoa jibu moja ni jambo lisilotarajiwa kutokea. Mtoto aliyebishana juu ya jembe na ndege hatasahau kwa nini fundi hawezi kuifukua nywila.

Zile picha za darasa la kwanza sasa ziko katika diski mbili, katika makabati mawili tofauti. Kila Januari, mkufunzi mwenye zamu huifungua bahasha, huingiza nywila, na kutazama picha ya kwanza, yenye herufi A na kikapu cha ananasi. Akishaiona, hufunga bahasha mpya na kutia sahihi. Kazi hiyo haizidi robo saa.