Akriliki si Kioo cha Uongo

Msomaji, wako watu wenye desturi ya kukidharau kitu kwa kulisikia jina lake tu. Wakionyeshwa kipande cha akriliki, hukigonga kwa ukucha, wakasikia mlio usio wa kioo, wakacheka: “Kumbe ni plastiki!” Hukumu yao imekwisha. Mimi nasema kwamba hukumu hiyo ni ya uvivu, na wewe unayejifunza kubuni na kuunda vitu usiirithi.

Tulipime jambo hili kwa haki. Akriliki ilianza kuuzwa katika miaka ya 1930, Ujerumani kwa jina la Plexiglas na Uingereza kwa jina la Perspex. Bamba lake halifiki nusu ya uzito wa bamba la kioo lenye ukubwa ule ule. Hupitisha kama asilimia 92 ya nuru, wala kioo cha dirisha hakiishindi kwa hilo. Ikiangushwa haivunjiki upesi kama kioo. Ikipashwa joto la digrii 150 hivi za Selsiasi, hulainika na kupindika. Ikipoa, hulishika umbo ililopewa. Tena huvumilia jua kuliko plastiki nyingine nyingi. Ndiyo maana twaiona katika mabango ya maduka na taa za nyuma za magari.

Watazame walioijua tabia yake. Kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1972, paa la uwanja wa Munich lilifunikwa kwa mabamba ya akriliki, watazamaji wakakingwa mvua bila ya kunyimwa nuru. Kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza Harold Ridley aliwachunguza marubani walioingiwa machoni na vipande vya akriliki vilivyotoka katika madirisha ya ndege zao. Aliona kwamba jicho halikuvikataa. Mwaka 1949, mjini London, akatia lenzi ya akriliki ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Mamilioni ya watu wamerudishiwa kuona kwa njia aliyoifungua. Je, kitu kilichostahili kukaa ndani ya jicho la binadamu ndicho cha kuitwa takataka?

Sisemi kwamba akriliki haina ila. Hukwaruzika upesi, hata kwa kitambaa chenye vumbi. Huwaka moto, basi si kitu cha kuwekwa karibu na jiko. Wala haiozi ardhini kama mti. Lakini ila hizi ni hoja juu ya nani? Fundi aiwekaye jikoni amekosa yeye. Mbunifu atengenezaye kwayo pambo la sherehe ya siku moja, kesho likatupwa jaani likae huko miaka na miaka, aibu ni yake, si ya akriliki. Kitu kidumucho kipewe kazi idumuyo.

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kioo kina ubawa wake, mbao una wake, na akriliki ina wake. Kabla hujakata bamba lolote, jiulize: Tabia yake ni ipi? Litafanya kazi gani? Likichakaa litakwenda wapi? Ukishindwa kujibu, weka msumeno chini. Kosa litakuwa lako, wala usimsingizie plastiki.