Mistari Isisogezwe kwa Mkono

Muhula huu chama chetu cha kompyuta kilipewa kazi ya kutengeneza kiolezo cha ripoti za wanafunzi, na tangu hapo pana mabishano. Baadhi ya wenzangu wasema nafasi za pambizoni zipigwe kwa mkono. Mimi siafiki hata kidogo. Nasema kazi hiyo iachiwe fanksheni.

Maoni ya walimu hayana urefu mmoja. Huyu huandika mstari mmoja, yule mitano. Ukipiga nafasi nane ndani ya kiolezo, mstari wa kwanza tu ndio utakaosogea. Wa pili hurudi ukingoni, mahali pa maneno ya Mkuu wa Shule. Mzazi akisoma “hana bidii” hapo, atadhani ni hukumu ya Mkuu juu ya masomo yote, kumbe ni neno la mwalimu wa Baiolojia peke yake. Na wakati wa likizo ni nani atakayemweleza? Sisi tunaozibeba bahasha hizo twajua.

Wako watakao nafasi zitiwe ndani ya maoni yenyewe. Hilo ni baya zaidi, maana maoni hayo hayo yakitumwa kwa simu yatakwenda na nafasi zisizo na kazi.

Jinja, chombo cha violezo kitumiwacho pamoja na lugha ya Python, kina fanksheni iitwayo indent. Usipoiambia vingine, husogeza kila mstari nafasi nne, lakini wa kwanza huuacha, kwa kuwa huo umekwisha kusogezwa na kiolezo; ukisogezwa tena utapitiliza wenzake. Tena iko fanksheni ya jina hilo hilo iliyotiwa katika Python 3.3 mwaka 2012, nayo husogeza hata wa kwanza. Ipi yenye haki? Zote mbili, kila moja mahali pake. Ndiyo sababu fanksheni njema sharti imwachie mtumiaji achague: nafasi ngapi, na mstari wa kwanza je? Jinja huruhusu hayo. (Mistari mitupu hainishughulishi.)

Neno kwa watakaotufuata mwakani. Fanksheni hii haijui upana wa karatasi. Huona mstari mpya pale tu ulipokatwa. Basi maneno yakatwe kwanza, ndipo yasogezwe. Karatasi ikichukua herufi 72, nanyi mwasogeza nafasi 8, kateni kwenye 64.