Mpeni skripti, ila muulizeni kwanza kazi yake

"Wakuu, heshima kwenu. Nina namba za simu za kina mama wa kliniki, kama elfu mbili, zipo kwenye Excel. Nyingine zinaanza na sifuri, nyingine na 255, nyingine sifuri imeruka. Naomba skripti ya kuziweka zote mtindo mmoja ili mfumo wa kutuma meseji uzipokee. Natanguliza shukrani."

Maombi ya namna hii hayakauki katika makundi ya WhatsApp na Telegram ya watu wa TEHAMA. Aliyeandika hili ni mtunza kumbukumbu wa kituo kimoja cha afya mkoani Tanga, mkoa ambao nami natunza mifumo ya kompyuta. Wa kwanza kumjibu alimwuliza, "Dada, umejaribu nini?" Wa pili akamwambia hapa hatutafuniani. Wa tatu akamtumia somo la Python, video ya saa nne kwa Kiingereza, mtu ambaye bando lake ni la siku na foleni ya kina mama inamsubiri dirishani.

Majibu haya yananiudhi. Skripti ilistahili kutolewa, tena siku ileile.

Najua yalikotoka. Mwaka 2001 Mmarekani Eric Raymond, akisaidiana na Rick Moen, aliandika mwongozo wa namna ya kuwauliza maswali wataalamu wa kompyuta: tafuta kwanza mwenyewe, soma maelekezo, eleza ulichokwisha kufanya. Stack Overflow, iliyoanzishwa 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, iliikuza desturi hiyo. Swali lisiloonyesha jitihada lilipigiwa kura za kulishusha na mara nyingi likafungwa. Wanaojibu wanajitolea, na bila kizuizi chochote wangelemewa. Hilo nalikubali. Lakini mwongozo ule uliandikwa kwa ajili ya watengeneza programu na wanaotaka kuwa kama wao. Mtunza kumbukumbu hataki kuwa mtengeneza programu. Anataka kina mama wakumbushwe tarehe ya chanjo. Anayepeleka kitambaa kwa fundi cherehani haambiwi aonyeshe kwanza mshono aliojaribu.

Tena swali la "umejaribu nini" halimsaidii hata anayejibu. Tuitazame orodha yenyewe. Excel ikipewa 0712345678 huidhani ni hesabu, na kwa kuwa hesabu haianzi na sifuri, inabakiza 712345678. Dawa yake inaonekana nyepesi. Ondoa nafasi na vistari. Zikibaki tarakimu tisa, weka 255 mbele. Zikiwa kumi na ya kwanza ni sifuri, toa sifuri uweke 255. Zikiwa kumi na mbili zinazoanza na 255, ziache. Mistari ishirini inatosha, na mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni anaiandika bila kuuliza mtu.

Ila Tanga ni mpakani. Wako kina mama wanaovuka Horohoro kutoka upande wa Lunga Lunga kuja kliniki, na simu zao ni za Kenya. Huko nako namba huanza na sifuri, nako ni tarakimu kumi, na 0712 ipo huku na ipo kule. Ukiitazama namba peke yake huwezi kujua ni ya wapi. Skripti ile ya mistari ishirini itazibandika zote 255, na ujumbe wa mama wa Lunga Lunga utamfikia mtu asiyehusika, pengine Mbeya, pengine Mwanza. Kuna na seli zenye namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, ya mama na ya mumewe. Itumike ipi? Kama ujumbe unahusu dawa za VVU, kosa hapo linaweza kuvunja nyumba ya mtu.

Mambo hayo huyapati kwa kumwuliza mtu amejaribu nini. Unayapata ukimwuliza orodha imetoka wapi, nani aliziandika namba hizo, na zinakwenda wapi. Nilimwuliza hivyo, akaniambia kuna safu ya makazi ambayo wao huijaza jina la kijiji, na vijiji vya ng'ambo wanavijua vyote. Safu hiyo ndiyo iliyoiokoa kazi. Mimi nilijua Python. Yeye ndiye aliyeijua orodha. Skripti niliyomwandikia ilisoma makazi kabla ya kuchagua 254 au 255, na seli zote zenye namba mbili ikazitenga kwenye faili la peke yake ili azipitie mwenyewe, jina kwa jina.

Sikuiona orodha halisi, wala sikuitaka. Nilimwomba mistari michache ya mfano yenye majina na namba za kubuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na bado watu wanarusha kwenye makundi picha za skrini zenye majina kamili ya wagonjwa na wanafunzi. Hapo ndipo ningependa kuona ukali wa wasimamizi wa makundi. Ukali huo sasa unatumika kumsema mtu kwa kuomba.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kwamba mtu ataendesha kitu asichoweza kukisoma. Ni kweli. Lakini kujua kusoma mistari ya programu hakujawakinga wenyewe. Mwaka 2010 Andreas Lundblad alijibu swali Stack Overflow kwa mistari michache ya Java inayogeuza idadi ya baiti kuwa maandishi mepesi kusomeka, kB au MB. Watafiti waliokuja kuchunguza mistari inayonakiliwa kutoka huko walikuta jibu lake ndilo lililonakiliwa zaidi katika Java. Mwaka 2019 yeye mwenyewe akatangaza kwamba lina kasoro: ukilipa baiti 999,999 linaandika 1000.0 kB badala ya 1.0 MB. Walioinakili miaka yote hiyo walikuwa watengeneza programu, watu wenye uwezo wa kuisoma.

Kwa hiyo mimi naangalia skripti inafanya nini ikikosea. Inayosoma faili moja na kuandika matokeo kwenye faili jipya, bila kugusa la asili, naitoa kwa yeyote, na kila kipande nakiwekea maelezo ya Kiswahili. Ikikosea, faili la zamani lipo. Anayeomba skripti ya kufuta mafaili ya zamani kwenye seva ya ofisi simpi kwenye kundi hata abembeleze vipi. Huyo atafutiwe mtu wa kukaa naye. Na kazi za chuo zinajulikana kwa kuziona tu, zimebeba namba ya swali na alama zake kwenye mabano. Mwanafunzi anapaswa kujifunza, kwa hiyo yeye ndiye wa kuulizwa amejaribu nini.

Wanaodhani kwamba aliyekataliwa atakwenda kujifunza wanajidanganya. Atakwenda kwa ChatGPT. Stack Overflow yenyewe ilipiga marufuku majibu ya ChatGPT Desemba 2022 kwa sababu mengi yalikuwa na makosa huku yakionekana sahihi. Akiiomba skripti ya kusawazisha namba atapewa, na mara nyingi atapewa kabla ya kuulizwa kama kituo chake kipo mpakani. Au ataangukia kurasa za matapeli zinazomwambia abonyeze vitufe fulani, abandike amri fulani kwenye Windows ili "kuthibitisha kuwa si roboti", na amri hiyo ikapakua programu ya kuiba nywila. Mtu aliyezoea kubandika asichokielewa, kwa kuwa hana wa kumwuliza, ni windo rahisi kwa watu hao.

Wako pia wanaojibu "njoo inbox", maana yake tuzungumze bei. Sina ugomvi na fundi anayelipwa kwa mfumo wa wiki tatu. Anakula kwa kazi yake. Mistari ishirini ya kusawazisha namba za kliniki ya umma si mradi, na kumtoza mtunza kumbukumbu atoe mfukoni mwake ni dhuluma.

Uchovu wa kujibu jambo lilelile upo, na una dawa. Kila kundi liwe na folda ya skripti zilizokwisha kutolewa, pamoja na maswali aliyoulizwa mwombaji na majibu yake, ili atakayefuata ajue la kukagua katika orodha yake kabla ya kuiendesha. Na majina ya mafaili yaseme kazi kwa Kiswahili, "kusawazisha namba za simu", "kuunganisha orodha mbili za wanafunzi", maana anayetafuta saa tatu usiku ofisini atatafuta kwa maneno hayo.